Fundi Aliyekataa Kuzisuluhisha Diski

Mimi nashona viatu kwenye kibaraza cha studio ya picha hapa Korogwe. Naanza na wenye makosa, kwa sababu nikianza na sifa watu watadhani nimesamehe, na sijasamehe. Majina siandiki. Wana watoto, na watoto hawakunikosea. Vyeo vyao vinatosha. Wa kwanza ni mwenye lori, baba mdogo wa mume wa binti yangu, aliyetuma gari bovu libebe wageni wa harusi. Wa pili ni dereva wake, lakini huyo alikufa palepale, namwachia Mungu. Wa tatu ni mtendaji wa kijiji wa wakati ule, aliyetukalisha kutusuluhisha hata bandeji hazijatolewa. Wa nne ni mdogo wa mwenye studio. Huyu hakuua mtu, alichezea diski tu. Ila bila kosa lake nisingemjua yule binti wa Lutindi, na habari hii ni yake kuliko ya hao wengine.

Binti yangu aliolewa kutoka kwetu Kwedizinga kuja huku bondeni. Katika ukoo wetu bibi harusi haingii ndani kwa mumewe mpaka shangazi yake ashike mlango kwanza. Bibi harusi anaweza kutangulia na gari dogo, akakaa mkekani nje amejifunika mpaka jua lizame, lakini bila shangazi haingii. Shangazi mwenyewe alikuwa dada yangu mkubwa, aliyenilea. Yeye, mimi na wageni wengine tulipanda lori. Likashindwa mlima, likarudi kinyumenyume, breki hazikushika, likaingia korongoni. Dada yangu hakutoka humo. Wala wale akina mama wazee aliokaa nao.

Mimi niliamka hospitali nina chuma mguuni, na siku yote imefutika kichwani. Nakumbuka moshi wa kuni asubuhi, pilau likitiwa mchele, halafu dari nyeupe. Katikati hakuna kitu. Daktari alisema huenda itarudi. Haikurudi.

Basi watu wakanijazia. Mwenye lori alikuja kitandani na machungwa akasema dada yangu ndiye aliyemharakisha dereva. Alisema yeye mwenyewe aliomba gari lipumzike kwanza, lakini mama yule akapiga kelele twende, twende, mlango unanisubiri. Akasema tena kwamba watoto walipona kwa sababu yeye aliwashusha. Na kweli hakuna mtoto aliyekufa, kwa hiyo watu walimshukuru. Mtendaji alipotukalisha, ikasomwa kauli moja, kila aliyepona akaulizwa, akasema ndiyo. Nami nikasema ndiyo. Ningesema nini? Nilikuwa sina hata neno moja la siku ile. Na ubaya wa kuambiwa jambo mara nyingi ni kwamba unaanza kuliona. Nilifika mahali nikifumba macho namwona dada yangu amesimama kwenye lori, mkono juu, anapiga kelele. Nilimchukia kidogo kwa picha hiyo, na sikuwahi kuiona.

Mwaka huu binti yangu akajifungua mtoto wa kike, wa kwanza wa kike baada ya wavulana. Akataka kumpa jina la shangazi yake. Mumewe hakuwa na neno. Mwenye lori, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba ile, akasema, "Humu ndani hatuiti jina la mtu aliyetuulia watu." Akika ikapangwa Ijumaa, na jina wamechagua wao. Binti yangu akanipigia simu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, hivi kweli shangazi alisema vile?" Nikamwambia sijui. Mtu mzima, baba yake, nilikuwepo, na sijui.

Nilikata simu nikashona kiatu cha mtu upande mbaya. Mwenye studio akaniona.

"Mzee wangu, leo umeshona kisigino mbele?"

Nikamweleza. Ni kijana mpole, tofauti na mdogo wake. Akasema, "Lakini harusi ile tulipiga sisi. Mpiga picha wetu alibaki uwanjani lori likipakia, ndipo akapanda pikipiki akawahi mbele. Hakuna aliyekuja kuichukua kanda. Imo humo kwenye mashine."

Miaka yote hiyo nilikaa pale kibarazani nimeipa mgongo.

Mashine yenyewe ilikuwa kabati dogo jeusi lenye diski nne, limewekwa juu ya meza pembeni, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua, kama tunavyofunika redio na televisheni majumbani. Mwenye studio aliwasha, akafungua. Nikaona masufuria. Nikajiona mimi mwenyewe, miguu yote miwili mizima, nacheza vibaya. Halafu ukaja uwanja, lori, watu wanasogea, na picha ikavunjika. Vipande vya kijani na zambarau vikajaa kioo, sauti ikawa mkwaruzo kama panya kwenye bati. Akarudisha nyuma. Palepale tena. Tukaruka mbele, picha ikaja nzima tunapomwona bibi harusi mkekani huku bondeni, amekaa, anasubiri watu ambao hawatafika.

Mdogo wake, ambaye pale studio ndiye wa mambo ya kompyuta, akavuta kiti. "Hizi diski hazikubaliani. Kuna amri ya kutengeneza. Tunaipa tu, zinajipatanisha zenyewe."

Bahati yangu, kaka yake ni mwoga. Akampigia kwanza binti aliyewafungia ile mashine, akaweka sauti ya nje. Sauti ikatoka kwenye simu mpaka wateja wakageuka:

"Usiguse! Mwambie atoe mkono kwenye kibodi! Autoe nikiwa nasikia!"

"Nimeutoa," mdogo mtu akasema.

"Uweke mfukoni."

Alifika kesho yake asubuhi, begi mgongoni. Msambaa wa Lutindi, mrefu, amefunga kilemba, viatu vyake vimelika upande mmoja kama vya watu wote waliozoea kutembea mlimani. Alinisalimu kabla ya wote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Viatu hivyo ukitoka uniachie."

"Nikikuachia nitarudi Lutindi na nini? Nyie Wazigua mna hila." Akaingia ndani, akasimama mbele ya kile kitambaa. "Nani kamvisha huyu?"

"Mke wangu," mwenye studio akasema. "Kwa ajili ya vumbi."

"Na mto hamkumpa?" Akakitoa kwa ncha za vidole, akakikunja vizuri kabisa, akampa. "Kizuri. Kakifuma shemeji kwa mikono yake. Kapambe kochi. Huyu mwacheni apumue." Akagusa kabati juu, akaurudisha mkono haraka.

Nilimwambia waziwazi kilichokuwa mezani. Nikamwambia Ijumaa mtoto anapewa jina, na dakika za lori ndizo zimevunjika. Watu wengi ukiwaambia jambo kama hilo wanakupa pole, halafu wanakimbilia kazi. Yeye alivuta kigoda changu akakaa, akasema, "Basi baba inabidi uelewe ninachofanya, ili nikikosea uniulize." Shule mimi niliishia darasa la nne. Hakuna aliyewahi kuniambia nimuulize.

Akachukua viatu vya wateja wangu. Akapanga maboksi matatu, akatia viatu humo ovyo, humu vitatu, humu vitano, humu viwili. Boksi la nne akaliweka kando.

"Hizi diski tatu zina mambo yenyewe. Ya nne ni shahidi. Shahidi hajui mambo, anajua kitu kimoja tu: shufwa au witiri. Jumla ya hivi ni kumi, shufwa, basi shahidi hana kiatu. Ingekuwa witiri, ningemtilia kimoja ili vyote pamoja viwe shufwa siku zote. Sasa fumba macho." Nikafumba. "Nimeficha boksi moja. Lilikuwa na shufwa au witiri?"

Nikahesabu yaliyobaki na la shahidi. "Witiri."

"Umeona? Boksi halipo, na umejua lilichokuwa nacho. Ndiyo maana diski moja ikifa kazi haipotei. Mashine inafanya hivyo kwa kila chembe ya picha, na ushahidi wanapokezana, leo huyu, kesho yule. Hakuna kifaa cha ajabu humu, ni programu tu inayohesabu." Akarudisha boksi. "Ila sasa chukua kiatu kimoja utie bila kuniambia wapi. Hesabu. Imekuwa witiri. Najua kuna mtu amedanganya. Boksi gani?"

"Hujui."

"Sijui. Na programu haijui. Ile amri ambayo huyu ndugu yetu alitaka kuibonyeza haitafuti mwongo. Inamchukua shahidi, inamwambia abadilishe kauli yake ifanane na maboksi kama yalivyo, uongo na yote. Baada ya hapo ukiuliza, wote wanakubaliana. Safi kabisa. Na ukweli hauwezi kurudi tena, kwa sababu aliyekuwa anaubishania umemnyamazisha."

Nikamwambia, "Hiyo naijua. Kwetu tuliiita suluhu."

Aliniangalia. Hakucheka.

Kwanza akakagua bila kurekebisha. Mashine ikazisoma diski zote nne kuanzia mwanzo, mstari kwa mstari, ikiuliza shufwa au witiri, isiandike kitu. Kazi hiyo ilikula mchana kutwa. Alipokuwa anasubiri aliuliza kwa nini mashine haikugundua yenyewe, maana yeye aliiachia ijikague kila Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Mdogo mtu akakuna shingo. "Ilikuwa inachelewesha. Jumapili ndiyo tunakata harusi za Jumamosi, yeye huku ananguruma. Nikaizima."

"Umemzima mlinzi kwa sababu anakohoa."

"Sikujua, dada."

"Ulijua ananguruma."

Ukaguzi ulipokwisha, sehemu zisizokubaliana hazikuwa zimetawanyika. Zilikuwa zimesongamana mahali pamoja, na hilo lilimpendeza. Mdogo mtu akawahi, "Ni diski ya juu hiyo. Ndiyo inayoungua, iguse. Itoeni."

"Ina joto," akasema. "Sijasikia kwamba imedanganya."

Hapo ndipo niliacha kushona kabisa. Kabla ya kuigusa diski yoyote alizifungia, kwa namna yake ya ndani ya kompyuta, ili chochote atakachoandika kiandikwe pembeni kwenye diski aliyokuja nayo begini, na zile nne zisipate hata alama. "Nikikosea," akasema, "nafuta makosa yangu, wao wanabaki walivyokuwa." Halafu akaanza kuwauliza mmoja mmoja. Aliiweka kando diski ya juu, ile yenye joto, akaiambia programu ihesabu maneno yake kutoka kwa wenzake watatu. Akacheza picha ya lori. Ikawa mbaya zaidi. Hata kile kipande cha bati la lori kilichokuwa kinaonekana kikatoweka.

Mdogo mtu akaguna. Yeye akatabasamu. "Umeona baba? Nimemtoa msema kweli, nikajaza nafasi yake kwa maneno ya mwongo. Lazima iharibike. Huyu wa juu hana kosa, ni joto tu mlilompa."

Akairudisha. Akaiweka kando ya pili. Mbaya vilevile. Hakuharakisha. Nimefanya kazi na mafundi, nimefanya kazi mkonge, nimeona watu wakipiga kitu nyundo kwa sababu kimewashinda. Huyu kila alipobadilisha alifuta kwanza alichofanya, akahakikisha amerudi alipoanzia, ndipo akaendelea. Aliiweka kando ya tatu.

Picha ikatulia. Nikaliona lori zima, bluu, na magunia matupu yametandikwa. Akasimamisha hapohapo.

"Bado, baba. Niwie radhi." Akazinakili kwanza dakika zile na harusi nzima, akazihifadhi mahali pengine, mara mbili. Ndipo akamgeukia mdogo mtu. "Hii ya tatu ilishawahi kutoka?"

Kijana akaangalia chini. Kumbe wiki ile ya harusi walisogeza meza, waya ukalegea, diski ya tatu ikadondoka kwenye safu. Mashine ikaendelea na tatu, na kipande cha lori cha harusi ya binti yangu, ambacho mpiga picha alikuwa anakimimina saa ile, kikaandikwa kwenye hizo tatu tu. Baadaye kijana akauona waya, akauchomeka. "Ikagoma kuingia. Nikailazimisha."

"Bila kujazwa upya?"

"Kujaza kunachukua siku nzima, dada. Tulikuwa na harusi nyingine."

"Kwa hiyo haikuwepo wakati wenzake wanaandika. Ukairudisha ukaiambia kaa hapa, ukiulizwa, jibu kama ulikuwepo."

Mimi niliionea huruma ile diski. Najua ilivyokuwa.

Kisha akanikalisha mbele ya kioo, akafunga mlango wa studio, akaniuliza kama nataka abaki au atoke. Nikamwambia abaki.

Lori liko kwenye mteremko wa uwanja wetu. Chini ya gurudumu la nyuma kuna jiwe. Dada yangu anaingia kwenye picha, kanga ya njano, anatembea polepole kwa ajili ya magoti yake. Anasimama. Anaelekeza kidole.

"Hilo jiwe la nini?"

"La urembo, mama," dereva anajibu, na watu wanacheka.

"Mimi sipandi gari linaloshikwa na jiwe."

Inakuja sauti ya mwenye lori. Yeye haonekani kwanza, halafu anaonekana, amevaa koti. "Shangazi, ukikaa wewe na harusi imekaa. Bibi harusi keshatangulia. Unataka alale nje?"

Dada yangu anaangalia barabara alikopita binti yangu, anaangalia jiwe. Hakuwa na gari lingine. Halafu anageuka.

"Haya, shusheni watoto. Wote. Mtoto hapandi hapa. We, shuka! Usinililie, pilau lipo, baki ule!"

"Shangazi, watoto watakosa ngoma," mwenye lori anasema kwa sauti yake ileile.

"Watakosa. Wewe hukosi kitu, wewe unapanda gari dogo."

Watoto wanashushwa mmoja mmoja kwa kushikwa makwapa. Anawapandisha wazee mbele, karibu na kichwa cha gari, wapate kuegemea. Kisha mimi napita kwenye picha na suti ya kuazima, nataka kukaa naye. Ananisukuma kifuani.

"Wewe kaa huku nyuma, ukingoni mwa bodi. Shika chuma. Likirudi nyuma, mdogo wangu, ruka. Usitungoje."

Nami kwenye picha nacheka, nasema, "Dada, leo ni harusi."

"Ruka, nimesema."

Utingo anaondoa jiwe. Hapo mpiga picha aliwasha pikipiki.

Sijui nilikaa muda gani. Yule binti alikuwa ameweka mkono juu ya kabati la diski, kama unavyomshika mnyama aliyemaliza kazi. Nilipoweza kusema, nilimuuliza kama kuna mtu anaweza kudai tumeitengeneza wenyewe. Akasema yeye hakuongeza hata chembe; kila kilichomo kilikuwa kwa zile tatu tangu siku ile. "Mimi nimemtoa tu aliyekuwa anaropoka katikati."

Mwenye studio aliikata sehemu ile akamtumia binti yangu kwenye simu. Binti yangu hakunipigia. Aliiweka kwenye grupu la ukoo, lile la pande zote mbili, bila neno lolote juu yake. Watu wakaiona. Mama mmoja wa Kwedizinga akaandika, "Mwanangu ndiye huyo anayeshushwa akilia." Kisha mwingine akaandika kama hivyo. Halafu likatokea lile andishi dogo la katikati: mwenye lori ametoka kwenye grupu. Hakusema samahani. Hajasema mpaka leo, na mimi sijamngoja.

Fundi alikuwa hajamaliza. Wengi wangemaliza hapo, sifa zimeshapatikana. Yeye aliifuta ile diski ya tatu, akaipima mpaka akaridhika kwamba yenyewe ni nzima, akairudisha kama mgeni asiyejua kitu, ijazwe na wenzake kutoka mwanzo. Ilipojaa akakagua tena, hesabu ya kutokukubaliana ikawa sifuri. Akarudisha ukaguzi wa Jumapili, akamfundisha mdogo mtu kusoma majibu yake, na akamfanya ayasome kwa sauti. Wakati huo nami nilikuwa nimemwekea soli mpya. Alijaribu kutembea kibarazani.

"Zimekaa sawa. Nilifikiri utaniibia kweli."

"Ningekuibia. Umeniwahi kunipa kitu kikubwa kuliko viatu."

"Ah, baba. Ni shufwa na witiri tu," akasema, akaenda kupanda gari la Lutindi.

Ijumaa nilikwenda kwenye akika, mguu wangu na fimbo. Mwenye lori hakuwepo, walisema ana homa. Mume wa binti yangu ndiye aliyempokea mtoto, akanipa mimi nimshike, na sheikh akamwinamia, akauliza anaitwa nani. Wote wakaniangalia. Nikalitaja jina la dada yangu.